Martha Karua na uwaziri aliouacha: uchambuzi wa kisa cha Aprili 2009

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili 2009, Martha Karua aliacha kuwa Waziri wa Haki, Uwiano wa Kitaifa na Masuala ya Katiba wa Kenya. Hakufutwa. Hakuwa ametajwa kwenye kashfa, wala hapakuwa na tume iliyokuwa ikimchunguza. Siku chache kabla, Rais Mwai Kibaki alikuwa ameteua majaji, na waziri mwenye dhamana ya haki akasema jambo hilo lilifanyika bila yeye kujulishwa. Akaeleza kwamba amewekewa vikwazo hata kazi haifanyiki tena, akatoka. Tangu serikali ya Kibaki iingie madarakani mwanzoni mwa 2003, hakuna waziri aliyekuwa amejiondokea kwa hiari namna hiyo.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wanaompenda Karua husema ni ushujaa wa mwanamke aliyekataa kufanywa pambo la baraza. Wasiompenda husema ni hesabu za urais tu: mwishoni mwa 2008 alikuwa ameshachukua uongozi wa chama cha NARC-Kenya, na ilimfaa kujitenga na Kibaki mapema. Simulizi zote mbili zinaruka swali ambalo mwanasheria yeyote angelianza nalo. Je, sheria ilimpa haki ya kuulizwa? Haikumpa. Karua, aliyekuwa ameishi ndani ya sheria tangu chuo kikuu, alilijua hilo kuliko wengi waliomshangilia.

Meza ya watu watano

Mwaka 2009 Kenya ilikuwa bado inaongozwa na katiba ya zamani, ile ya uhuru iliyotiwa viraka miaka nenda miaka rudi. Kifungu cha 61 kilikuwa na maneno machache: Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, majaji wengine huteuliwa na Rais kwa kufuata ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama. Ukitaka kujua tume yenyewe ni akina nani unateremka hadi kifungu cha 68, na unakuta watu watano. Mwenyekiti ni Jaji Mkuu, wakati huo Evan Gicheru. Wa pili ni Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu 1991. Wa tatu na wa nne ni majaji wawili watakaotajwa na Rais. Wa tano ni mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma.

Tukae kidogo kwenye meza hiyo, maana mzizi wa kisa uko hapo. Jaji Mkuu kateuliwa na Rais. Mwanasheria Mkuu kateuliwa na Rais. Wale majaji wawili walifanywa majaji na Rais, kisha Rais yuleyule akawachagua waingie tumeni. Mwenyekiti wa Utumishi wa Umma naye ni mteule wake. Hivyo Rais alipokuwa "akishauriwa", mashauri yote yalitoka kwa watu waliofika mezani kwa kalamu yake. Hapakuwa na mjumbe wa Chama cha Mawakili, hapakuwa na hakimu wa mahakama za chini, hapakuwa na raia wa kawaida. Nafasi za ujaji hazikutangazwa magazetini watu wakaomba, na hakuna aliyehojiwa hadharani. Wakili alikuwa akiamka asubuhi na kusikia kwamba fulani sasa ni jaji.

Waziri wa Haki hakuwa na kiti hapo. Hakutajwa kabisa. Kibaki angeweza kuteua majaji hamsini bila kumpigia Karua simu, na hakuna mahakama ambayo ingeona kosa. Kwa hiyo anayesema Karua alijiuzulu kwa sababu Rais alivunja sheria anamsemea asichokisema. Lalamiko lake lilikuwa la kisiasa na la kiutawala, na uzito wake unaonekana tu ukiangalia alichokuwa amekabidhiwa kufanya.

Alichokabidhiwa, na alichonyimwa

Wizara ya Haki ya enzi hizo ilikuwa ofisi ya ajabu kidogo. Kibaki aliirejesha mwaka 2003, na waziri wake wa kwanza, Kiraitu Murungi, aliifanya ionekane kama ndiyo yenye mahakama. Oktoba mwaka huo, baada ya ripoti ya kamati ya Jaji Aaron Ringera, majaji 23 na mahakimu 82 walitajwa kwa ufisadi na utovu wa maadili, wengi wakaondoka bila hata kujitetea. Wakenya wakazoea kuamini kwamba Waziri wa Haki ndiye mwenye ufunguo wa mahakama. Kumbe ufunguo ulibaki Ikulu. Kiraitu aliazimwa tu kwa sababu wakati ule Ikulu na wizara zilitaka kitu kimoja. Juu ya hayo, Mwanasheria Mkuu alikuwa na ofisi yake ndani ya katiba, ulinzi wake wa kazi, kiti chake kwenye Baraza la Mawaziri na kiti chake kwenye tume ya mahakama. Waziri wa Haki aliyekaa kando yake alikuwa na bendera kwenye gari, na miswada.

Karua aliichukua wizara hiyo baada ya Novemba 2005, serikali iliposhindwa katika kura ya maoni ya katiba, wapiga kura walipolikumbatia Chungwa, alama ya Hapana, na kuikataa Ndizi, alama ya Ndiyo, na Kibaki akavunja baraza lake zima. Mwanzo mambo yalikwenda. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2007 ilipita mikononi mwake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Jioni ya tarehe 30, Jaji Mkuu Gicheru alimwapisha Kibaki katika bustani ya Ikulu, muda mfupi tu baada ya matokeo kutangazwa. ODM ya Raila Odinga ikasema imeibiwa. Upande wa serikali, na Karua akiwa mstari wa mbele, ukajibu kwamba mwenye malalamiko aende mahakamani. ODM ikakataa katakata: mahakama gani, na majaji wa nani? Yaliyofuata kila Mkenya anayajua. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao.

Katika mazungumzo yaliyosimamiwa na Kofi Annan kwenye hoteli ya Serena, Karua aliongoza upande wa Kibaki, pamoja na Sam Ongeri, Mutula Kilonzo na Moses Wetangula. Ng'ambo ya meza walikaa Musalia Mudavadi, William Ruto, Sally Kosgei na James Orengo. Alitetea upande wake kwa ukali kiasi kwamba wafuasi wa ODM walimchukia kuliko walivyomchukia Kibaki mwenyewe. Tarehe 28 Februari 2008 mkataba ukatiwa saini nje ya Harambee House, na serikali ya nusu mkate, ya mseto wa Kibaki na Raila, ikazaliwa.

Sehemu ya mkataba huo iliyoitwa Ajenda ya Nne ndiyo inayotuhusu. Iliahidi katiba mpya, mageuzi ya polisi, na mageuzi ya mahakama. Kwa maneno mengine, pande zote mbili zilikubali kwamba nchi iliwaka kwa sababu, pamoja na mengine, hakukuwa na mahakama ambayo aliyeshindwa angeiamini. Wizara iliyopewa kusukuma ajenda hiyo ilikuwa ya Karua.

Sasa rudi Aprili 2009. Waziri aliyetumwa kuwaambia Wakenya kwamba mahakama zitabadilika anasikia kwamba majaji wameteuliwa kwa njia ileile, kwenye meza ileile. Na kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi hawaligusi: katiba ile iliweka uwajibikaji wa pamoja wa baraza mbele ya Bunge. Mbunge angesimama kuuliza kwa nini uteuzi umefanywa hivi wakati mageuzi yameahidiwa, na anayepaswa kuinuka kujibu ni Karua. Akijibu kwamba hakuulizwa, anamwaibisha Rais wake. Akitetea, anatetea asichokijua. Alikuwa ameshika makali na mpini uko kwa mwingine, na kila mvutano ungemkata yeye.

Anapokaa na anapotoka

Martha Wangari Karua alizaliwa Kirinyaga mwaka 1957, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye Kenya School of Law. Kati ya 1981 na 1987 alikuwa hakimu katika mahakama zikiwemo za Makadara na Kibera, ambazo hazina mapambo: foleni ya washtakiwa asubuhi, wengi hawana wakili, na hakimu anapaswa kumaliza orodha kabla ya jioni. Aliacha kazi hiyo ya serikali akafungua ofisi yake ya uwakili. Wakati wa utawala wa chama kimoja, wakili aliyekubali kesi za wapinzani alijua anajitafutia nini. Yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama katika kesi ya uhaini iliyomkabili Koigi wa Wamwere.

Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, alitafuta tikiti ya Ford-Asili ya Kenneth Matiba kwa kiti cha Gichugu. Akaangushwa kwenye mchujo na Geoffrey Kareithi, mkuu wa zamani wa utumishi wa umma, mtu mwenye fedha na jina. Wazee wa chama cha DP, waliochoshwa na vita vya Kareithi na Nahashon Njuno, wakamfuata Karua na kumpa tikiti yao. Akashinda. Akawa mwanasheria mwanamke wa kwanza Kenya kuingia Bunge kwa kura za wananchi, na mmoja wa wanawake sita tu waliochaguliwa mwaka huo katika viti 188. DP ilikuwa chama cha Kibaki. Na Kibaki alikiunda baada ya kujiuzulu uwaziri wa Afya katika serikali ya Moi, Desemba 1991. Mtu aliyepokea barua ya Karua ya kujiuzulu alikuwa ameandika ya kwake miaka kumi na saba na ushei kabla.

Ukizifuata hatua zake kuanzia hapo, unaona mwenendo. Mwaka 1998 alipangiwa nafasi ya waziri kivuli wa utamaduni na huduma za jamii huku akiwa katibu wa kitaifa wa DP. Msimamo wa chama ulikuwa kwamba kofia hizo mbili hazivaliki pamoja, na yeye akakataa ile ya waziri kivuli, kisha akajiuzulu ukatibu pia. Mwaka 2001, mswada wa mageuzi ya katiba ulipoletwa Bungeni, upinzani wote ulisusia na kutoka nje. Karua akabaki peke yake ndani, akisema kwamba mbunge ametumwa kusema humo na hakutumwa kuondoka. Aliwahi pia kuinuka na kwenda zake Rais Moi akiwa bado anahutubia umati Kerugoya.

Watu husema huyu ni mwanamke wa kususa. Mimi naona kinyume. Mahali ambapo anaruhusiwa kufungua mdomo, habanduki hata akibaki peke yake. Anaondoka pale cheo kinapomfunga mdomo. Bunge la 2001 lilimpa nafasi ya kubisha, akakaa. Baraza la 2009 lilimtaka anyamaze au ajibie asiyoyafanya, akatoka. Na hakutoka Bungeni: alibaki mbunge wa Gichugu hadi 2013. Alihama tu kutoka benchi la mbele kwenda la nyuma, ambako uwajibikaji wa pamoja haukumhusu tena.

Mbona si mapema zaidi?

Kuna hoja mbili dhidi yake ambazo haifai kuzikwepa.

Ya kwanza ndiyo inayouma. Mwaka 1997 vyama vilikubaliana, katika mapatano yaliyojulikana kama IPPG, kwamba upinzani ungeshirikishwa kupendekeza makamishna wa Tume ya Uchaguzi. Hayakuwa yameandikwa kwenye katiba. Yalikuwa neno la waungwana. Mwaka 2007, kabla ya uchaguzi, Kibaki aliteua makamishna bila kushauriana na wapinzani. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo baadaye, ililitaja jambo hilo kama moja ya yaliyoifanya Tume ya Uchaguzi ipoteze imani ya watu. Waziri wa Haki na Katiba mwaka 2007 alikuwa nani? Karua. Hakujiuzulu.

Ukilinganisha visa viwili, vinafanana kuliko ambavyo watetezi wake wangependa. Katika vyote sheria ilimruhusu Rais, na katika vyote Rais alitumia ruhusa hiyo peke yake dhidi ya matarajio yaliyokuwa yamejengeka. Tofauti ni kwamba mwaka 2007 walioachwa nje ni wapinzani, na mwaka 2009 aliyeachwa nje ni yeye. Unaweza kumtetea kwa kusema damu ya Januari 2008 ilibadilisha uzito wa mambo, kwamba baada ya Serena hakuna aliyeweza tena kujifanya haoni kinachotokea taasisi zikikosa kuaminiwa. Nauona utetezi huo una nguvu. Haufuti swali.

Hoja ya pili ni ya Februari 2009. Tume ya Jaji Philip Waki ilikuwa imependekeza mahakama maalumu ya hapa nchini kuwahukumu waliopanga ghasia, la sivyo majina ya washukiwa, yaliyofungwa kwenye bahasha, yapelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague. Karua ndiye aliyepeleka Bungeni mswada wa kubadilisha katiba ili mahakama hiyo iundwe. Kibaki na Raila, wakuu wote wawili, waliuunga mkono. Wabunge wakauangusha, kwa kuwa haukufikisha theluthi mbili. Hilo lilikuwa pigo kubwa zaidi kwa wizara yake kuliko uteuzi wowote wa majaji. Lilifungua njia ya bahasha ya Waki kufika kwa Luis Moreno-Ocampo, kiongozi wa mashtaka wa mahakama hiyo ya Hague, Julai mwaka huo. Kama ni kujiuzulu kwa kushindwa kazi, Februari ndiyo ilikuwa saa yake.

Lakini kushindwa Bungeni si sawa na kupuuzwa na bosi. Mswada ulijadiliwa, yeye akasema, wabunge wakakataa. Ndivyo Bunge linavyofanya kazi, hata linapokosea. Mwezi wa Aprili hapakuwa na mjadala wowote wa kushindwa. Nikiangalia tabia yake ya miaka ile yote, sishangai kwamba la kwanza alilimeza na la pili likamkaba.

Waliokaa kando

Ili kuona jambo hili lilivyokuwa geni, tazama mawaziri wengine wa Kibaki walioondoka. Februari 2006, David Mwiraria aliachia Wizara ya Fedha kwa sababu ya kashfa ya Anglo-Leasing. Kiraitu Murungi akaondoka kwa sababu hiyohiyo, na George Saitoti kwa sababu ya kashfa ya Goldenberg. Kiraitu na Saitoti wakarudishwa barazani kabla mwaka haujaisha. Julai 2008, Amos Kimunya aliondoka Fedha baada ya sakata ya kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency. Januari 2009 akarudi, safari hii akiwa Waziri wa Biashara. Kenya ilikuwa imezoea lugha ya "kukaa kando": waziri anapisha uchunguzi, uchunguzi unapoa, waziri anarudi. Ukumbi una mlango wa kutokea na wa kuingilia, na watu walewale wanauzunguka.

Karua alipotoka hakuacha mlango wazi. Kibaki alikubali, Mutula Kilonzo, mwenzake wa Serena, akahamishiwa Haki, na wizara aliyoiacha Mutula akapewa Njeru Githae, mbunge wa Ndia. Ndia nayo iko Kirinyaga. Hesabu hiyo ilipigwa vizuri: watu wa nyumbani kwa Karua hawakupoteza kiti barazani, kwa hiyo hapakuwa na wa kuandamana. Anayetaka kujua kwa nini mawaziri wa Kenya hawajiuzulu kwa msimamo aanzie hapo. Kiti huhesabiwa kuwa cha eneo, na anayekiacha huambiwa amewaacha watu wake.

Alikuwa na njia gani nyingine? Angeweza kukaa na kupigana kwa barua za ndani. Ningeweza kuamini njia hiyo kama angekuwa na chochote cha kumbana nacho Rais, lakini hakuwa na kura kwenye tume, hakuwa na chama kikubwa nyuma yake, na upande wa Raila usingemtetea mtu aliyewatoa jasho Serena. Angeweza kukaa kimya hadi katiba mpya ipite, kisha aivune. Hiyo ndiyo njia ambayo mwanasiasa mwenye subira angeichukua, na ndiyo gharama kubwa ya uamuzi wake. Katiba iliidhinishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo. Aliyekuwa na wizara siku ile ni Mutula. Karua, aliyekuwa akiidai katiba mpya tangu akiwa kijana wa upinzani, aliipigia debe kama mbunge wa kawaida.

Meza ilivyopanuliwa

Wiki chache baada ya yeye kuondoka, serikali iliunda jopokazi la mageuzi ya mahakama chini ya Jaji William Ouko. Mengi ya jopokazi hilo yaliingia katika katiba ya 2010, na kifungu cha 171 kikaifumua ile meza ya watano. Tume ya sasa ina wajumbe kumi na mmoja: majaji wanachagua wenzao, mahakimu wanachagua mmoja, mawakili wanachagua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na umma una wawakilishi wawili ambao Rais hawezi kuwaweka bila Bunge. Nafasi zinatangazwa. Mwaka 2011 Wakenya waliketi mbele ya televisheni wakitazama wanaotaka kuwa Jaji Mkuu wakiulizwa maswali ambayo hakuna jaji wa zamani aliyewahi kuulizwa, hadi Willy Mutunga akapatikana. Majaji na mahakimu waliokuwepo wakapitishwa kwenye bodi ya msasa chini ya Sharad Rao, na wengine wakapoteza kazi.

Waziri wa Haki hakupewa kiti kwenye meza hiyo mpya. Kilichorekebishwa ni kile Karua alichokilalamikia, lakini dawa haikuwa kumshirikisha waziri. Dawa ilikuwa kumwondoa mwanasiasa wa baraza kwenye jambo hilo, ukimtoa Mwanasheria Mkuu. Nadhani walioandika katiba waliliona tatizo kwa kina kuliko barua yoyote ya kujiuzulu: waziri anayeulizwa na Rais bado ni mteule wa Rais.

Kalamu yenyewe haikukubali kirahisi. Januari 2011 Kibaki alipendekeza Jaji Mkuu na Mwanasheria Mkuu mpya bila kufuata utaratibu mpya. Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha katiba, majina yakaondolewa. Mwaka 2019 tume ilimpelekea Uhuru Kenyatta majina 41 ya majaji, akayakalia karibu miaka miwili, na mwaka 2021 akateua 34. Mara hii, hata hivyo, kila mtu aliyajua majina yaliyozuiwa, aliwajua waliowahoji, na mahakama zilikuwa zimeshamwambia Rais kwamba hana hiari. Mwaka 2009 jina lililokataliwa lisingejulikana hata na aliyelibeba.

Kwa Karua mwenyewe, mavuno ya msimamo yalikuwa haba. Aligombea urais 2013 akapata kura 43,881, asilimia 0.36. Wanaosema alijiuzulu ili awe rais wanapaswa kukubali basi kwamba alikuwa mpigaji hesabu mbaya sana. Mwaka 2017 aliwania ugavana wa Kirinyaga dhidi ya Anne Waiguru, akashindwa, akaenda mahakamani kama alivyowaambia ODM waende. Mahakama Kuu ikaitupa kesi bila kuisikiliza kwa undani. Mahakama ya Rufaa ikairudisha. Na mwishowe Mahakama ya Juu ikasema muda wa miezi sita unaoruhusiwa na sheria ulikuwa umekwisha. Yaani saa iliendelea kuhesabu wakati mahakama zenyewe zinarekebishana. Hakukubali. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwezi Novemba 2020 divisheni yake ya kwanza ikasema Kenya, kupitia mahakama zake, ilikiuka mkataba wa Jumuiya, ikaagiza alipwe fidia ya dola 25,000. Hakuwa gavana. Lakini huo ni ushindi wa aina yake, na ni wanasheria wachache wa nchi hii wanaoweza kusema wameishitaki nchi yao kwa makosa ya mahakama zake na kushinda.

Tarehe 16 Mei 2022 Raila Odinga, mtu aliyekuwa hasimu wake mkuu mwaka 2008, alimtangaza kuwa mgombea mwenza wake pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, na kuahidi kwamba wakishinda Karua atashika pia masuala ya haki na katiba. Wakashindwa, Ruto akiwa na asilimia 50.49 na Raila 48.85. Ahadi yenyewe ingehitaji kufufua kitu: serikali iliyoingia 2013 haikuunda tena Wizara ya Haki, na kazi zake zilikwenda kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambako hata mwaka 2009 nguvu nyingi za kisheria zilikuwa tayari.